Ngozi ya Mama Mkwe

Mume wangu Yotham aliuza ng'ombe wake wote. Wote, hata yule mtamba mwenye baka shingoni niliyekuwa nikimwita kwa jina. Mgogo mwenye akili timamu akitaka kuhama huwaacha ng'ombe kwa jamaa, hapa wawili, pale watatu, ili mambo yakiharibika awe na pa kurudia. Yotham alisema hayo ni mambo ya watu wasioona mbele. Reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilikuwa imefika Dodoma, watu walikuwa wanamiminika mjini kila siku, na wote walihitaji pa kulala.

Basi tukatoka Mkonze, tukajenga tembe refu karibu na stesheni, vyumba vingi vilivyofuatana chini ya paa moja. Vyote vilikuwa vya kupangisha isipokuwa viwili, chetu na watoto, na cha mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ameshapofuka macho yote mawili. Juu ya chumba chake tuliweka boriti za mpingo alizozikata marehemu mumewe ujanani. Tulizing'oa kwenye nyumba ya zamani tukazibeba mabegani, maana boriti za namna ile haziachwi nyuma.

Siku ya kuhamia, Sila, mdogo wake Yotham, alikuja kutoka Mkonze na kibuyu cha maziwa ya mgando. Yotham alikuwa amekaa na wapangaji wa kwanza, amevaa kanzu mpya. Akasema kwa sauti, "Bwana mdogo, kaa upande ule, samadi inatunukia." Wapangaji wakacheka.  Sila aliweka kibuyu chini, akamsalimu mama yake, "Mbukwa, mama," akaenda zake. Hakukanyaga tena kwetu.

Siwezi kusema uongo, tuliishi vizuri. Tulikunywa chai ya sukari asubuhi na jioni. Nilikuwa na kanga za kubadilisha. Vyumba vilijaa Wanyamwezi waliobeba mataruma ya reli, na Khamisi, fundi kutoka pwani, ambaye kila jioni alimletea mama mkwe kipande cha mkate. Uani kulikuwa na vicheko mpaka unasahau kwamba hukuzaliwa mjini.

Kitu kimoja mume wangu hakukiwaza. Watu wale hawakuifuata Dodoma, waliifuata kazi ya reli, na reli ilikuwa safarini kwenda Tabora.

Waliondoka kidogo kidogo. Khamisi aliondoka wa mwisho, akafunga zana zake, akamshika mama mkwe mkono kwa muda mrefu. Baada ya hapo mtaa mzima ulipoa. Jirani yetu Zaitun, mama wa Kondoa aliyejenga nyumba nzuri kuliko yetu, alikuwa akizunguka sokoni akiomba watu wakae kwake bure, mradi wafukuze popo na mchwa. Hakupata mtu. Na bomani kodi ya nyumba ilidaiwa vilevile, iwe ina watu au ina popo.

Kwetu ilianza kuondoka sukari, ikafuata chai, halafu wali. Kanga ziliondoka moja moja. Nikaanza kuwasagia uwele wake za wenye maduka, mimi niliyekuwa nikisagiwa, nikarudi nyumbani na pumba kwenye nywele na unga kidogo kwenye pindo. Watoto walikula ugali na mlenda, kesho yake mlenda na ugali. Nilimkasirikia Yotham, tena sana, lakini ukimtazama alivyokonda hasira yenyewe inakosa pa kushika.

Halafu akagundua kwamba stesheni wananunua kuni. Gari moshi lilikuwa linakula kuni mchana kutwa, na miti ya karibu ilikuwa imekwisha. Akapanda juu ya chumba cha mwisho, akabomoa udongo wa paa, akang'oa boriti na nguzo, akazipasua. Baadaye chumba kilichofuata. Nyumba tuliyoijenga kwa sababu ya gari moshi ikawa inaingia tumboni mwa gari moshi, na sisi tunakula kwa njia hiyo.

"Mnafanya nini huko nje?" mama mkwe aliuliza.

"Tunarekebisha, mama," alijibu Yotham.

 Mama alikuwa amezeeka ndani ya matembe, anajua sauti ya nguzo inayosimamishwa na sauti ya nguzo inayong'olewa.

Kiangazi kilipokuwa kinaelekea mwisho, akaugua. Akaniita. "Mwanangu Anyesi, mtanizika na nini?" Nilijua anachouliza. Mama mkwe hakuwa msomaji wa misheni kama sisi. Kwa wazee wake, mwenye ng'ombe huzikwa katika ngozi ya ng'ombe wa nyumbani kwake. "Msinifunge amerikani," alisema. "Nguo ya dukani itaoza kabla sijamfikia baba yenu."

Nikamwambia Yotham aende kwa Sila.

"Nikamwambie nini? Kwamba ile samadi sasa nina shida nayo?"

"Mwambie mama anaumwa, basi."

Hakwenda. Nami sikuweza kwenda peke yangu. Mke akienda kumwombea mume aliye hai kwa shemeji, amemvua nguo mbele ya ukoo.

Siku moja nilirudi kutoka kusaga nikamkuta Yotham amepiga magoti kando ya kitanda cha mama yake, ameshika ngozi mbichi ya machinjioni. Anatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi. Mama alikuwa akiipapasa, kuanzia shingoni kwenda mkiani, taratibu.

"Ng'ombe wa nani huyu?"

"Wa kwetu, mama."

Akashukuru. Kisha akainua uso. "Yotham, mwanangu, mbona jua linanipiga usoni?"

Nikatazama juu. Boriti za mpingo hazikuwapo. Palikuwa na fito chache na nyasi zilizotupwa juu yake. Alikuwa ameuza paa la mama yake ili amnunulie cha kuzikiwa. Nilitaka kumpiga. Nikatoka nje nikalia mpaka watoto wakaja kunishika.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, na nyasi hazikuizuia hata kidogo. Tulimhamishia chumbani kwetu akiwa amelowa, anatetemeka, na kifua kikambana. Hakuuona uwele ukichipua. Tulimfunga katika ngozi ile ya ng'ombe wa watu tukamzika.

Tulikuwa tunasawazisha udongo Sila alipofika, anahema, amepata habari kwa watu waliotoka sokoni. Begani alikuwa amebeba ngozi iliyokunjwa, laini, inang'aa mafuta. Alipoona kaburi limekwisha fukiwa, akasimama.

"Ni ya yule dume mwekundu wa mama aliyebaki kwangu," alisema. "Alikufa mwaka jana. Nikasema hii ni yake, nimekuwa nikiipaka samli. Nilikuwa nangoja mniite tu, kaka."



Sila akageuka akaitazama nyumba, kuta ndefu zisizo na paa, zimeshaanza kuyeyuka kwa mvua. Hakucheka. Aliniuliza mimi, "Shemeji, watoto wanalala wapi?"

Nikamwonyesha chumba kilichobaki, na mkeka uliolowa.

"Leo watalala Mkonze," alisema. Akamkabidhi kaka yake ile ngozi aibebe, akatangulia njiani na mtoto mdogo mgongoni. Yotham alimfuata nyuma, ameikumbatia ngozi ya mama yake kwa mikono miwili, analia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.