Mimea Iliyorudi Githongo

Jumanne ya kwanza ya Novemba, Ciakuthii alikuwa akichuma kahawa shambani mwake, karibu na Githongo, alipoona mimea mia mbili ikipanda mteremko kwa mstari mmoja. Ilitembea kwa mizizi, polepole, na ile yenye maganda makavu ililia kama kayamba kila ilipovuka jiwe. Aliitambua mara moja. Akatua debe, akaenda kuifungulia lango.

Ulikuwa mmea wa mwituni, wa jamii ya kunde, wenye vijani vilivyopangana kama unyoya na maua ya zambarau hafifu. Mama yake aliuita nyasi ya mbuzi, kwa sababu mbuzi aliyezaa akiula alijaza kibuyu cha maziwa. Uliota ukingoni mwa msitu tu. Waliojaribu kuupanda nyumbani waliambulia patupu, maana mbegu zake zina ganda gumu kama shanga. Ciakuthii alihangaika nao miaka tisa, mpaka akagundua kwamba mbegu husuguliwa kidogo juu ya jiwe la kusagia, hulazwa katika maji vuguvugu, kisha hupandwa na kiganja cha udongo wa kule zilikookotwa. Viazi vilivyofuata mahali pale vilinenepa bila mbolea.

Miaka miwili nyuma alikuwa amekuja Runji, mfanyabiashara wa mbegu kutoka mjini Embu. Kijana mwenye adabu. Alikula githeri, akauliza maswali, akaandika. Ciakuthii alimweleza yote na kumfungia mbegu katika kitambaa. Hakuwahi kufikiri kwamba mambo ya mbuzi ni ya kufichwa. Mwaka uliofuata binti yake, Kendi, alinunua pakiti dukani Nkubu. Ilikuwa na picha ya Runji, na maandishi kwamba mmea na njia ya kuuotesha vimesajiliwa kwa jina lake, wala mtu asiuoteshe bila idhini. Ciakuthii alikaa na pakiti mapajani mpaka chai ikapoa. Barua ya wakili wa Runji ilipofika, aliogopa kesi, akang'oa mimea yake yote.

Sasa ilikuwa imerudi. Kutoka shamba la Runji kule Embu ilikuwa imetembea siku kumi na moja kandokando ya lami, ikipita Runyenjes na Chuka, ikikunja majani jua lilipozama na kupumzika papo hapo. Madereva walipunguza mwendo. Mwanamke mmoja wa Chuka aliimwagia maji, kwa kuwa ilionekana ina kiu.

Ciakuthii na Kendi walichimba mashimo hadi jioni. Mimea iliingia yenyewe. Kazi yao ikawa kufukia.

Alhamisi Runji alifika na naibu chifu, Felicitas. Hakuja kwa ugomvi. Alieleza kwamba alikuwa ameizungushia seng'enge na ikapita chini, na kwamba mmea haufungwi kamba. Basi ikae hapa, lakini ni yake. Alikuwa na fomu inayosema Ciakuthii ni mtunzaji tu.

"Mama Kendi, weka sahihi," Felicitas alimwambia. "Cheti ni chake. Serikali inasoma karatasi, haisomi mizizi."

Ciakuthii alimgeukia Runji. "Kijana wangu, ilipotoka kwako, ulijua inakuja wapi?"

"Nilijua, mama."

"Na kwa nini?"

"Hilo pia najua," alisema Runji, akampa kalamu.

Kendi alimshika mama yake kiwiko, asiandike. Ciakuthii aliitazama mimea. Majani yalikuwa bado yamelegea kwa uchovu wa njia, na alihofia kwamba akikataa itapakiwa kwenye lori irudishwe Embu. Akaandika jina lake lote, taratibu, kama alivyofundishwa shuleni.

Tangu siku hiyo gari la Runji huja kila msimu kuchukua mbegu, na pakiti zina picha ile ile. Mimea inayoota kule Embu, ikishakomaza mizizi, hushika barabara. Mwaka huu ilipofika, Ciakuthii alikuwa ameshang'oa maharagwe yake kuipisha. Alipomaliza kufukia, Felicitas alikuwa ameketi barazani na fomu mpya, akimngojea anawe mikono.