Mgeni kwa Mujibu wa Waraka wa Tano

Saa tano na dakika kumi asubuhi mkunga aliweka pasipoti yake kwenye kaunta ya usajili wa hatifungani za serikali. Nyuma ya kioo alikaa msajili, mke wa kaka yake. Hawakusalimiana.

"Nataka ya miaka ishirini," mkunga alisema. "Mnada unafungwa saa sita, sivyo?"

"Kwa wakazi. Kwa wageni umefungwa tangu asubuhi. Soma ukutani, wifi."

Ukutani zilitundikwa nyaraka sita. Wa kwanza ulimkataza mgeni kununua hatifungani yoyote. Wa pili ulimruhusu sehemu ya kumi ya kila toleo. Wa tatu ulimfungulia zote, na waziri wa wakati huo akatangaza kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Baada ya miaka miwili wageni waliuza na kuondoka ndani ya wiki moja, sarafu ikaanguka. Wa nne ukasema mgeni anunue, lakini asiuze kabla ya mwaka kwisha. Makarani waliuita waraka wa jembe. Wa tano ulieleza mgeni ni nani: yeyote, hata raia, ambaye katika miezi kumi na miwili hakulala nchini siku 183. Wa sita, wa asubuhi ile, ulimfungia mgeni huyo mlango kabisa.

Wa tano aliuandika msajili mwenyewe.

"Mimi nimezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapa," mkunga alisema. "Wewe ndiye uliyekuja na sanduku, kuolewa."

"Sikuulizi ulizaliwa wapi. Nauliza umelala wapi."

Mkunga alikuwa na miaka sitini na miwili. Ishirini na miwili kati ya hiyo alizalisha wanawake ughaibuni, kwa mikataba isiyo na pensheni. Riba ya hatifungani ile ingemtosha kuishi hapa bila kazi. Akiikosa, mwezi ujao angerudi wodini, zamu za saa kumi na mbili mfululizo, na magoti yake mabovu.

Msajili alihesabu mihuri ya pasipoti mara mbili. "Mia na themanini na mbili. Umepungukiwa na moja."

"Umeanzia usiku wa tarehe nne. Mimi nilitua usiku wa kuamkia tarehe nne. Nikaja kwenu."

Muhuri wa miezi sita nyuma ulionyesha tarehe nne, saa saba usiku. Kwa kuwa ndugu hamwamulii ndugu, msajili alimwita naibu wake. Naibu alisoma kifungu.

"Usiku huo unahesabiwa iwapo mwenyeji atathibitisha kwamba mwombaji alilala. Mwenyeji ni nani?"

"Mimi," msajili alisema.

"Basi kazi imekwisha. Alilala?"

"Hakulala."

Naibu alimtazama. "Bosi, kulala hapo si maana yake kuwepo?"

"Ningetaka kuwepo ningeandika kuwepo. Kuna watu walikuwa wanatua usiku, wanasaini uwanjani na kupaa kabla ya alfajiri. Neno liliwekwa kwa ajili yao. Wifi yangu aliingia saa nane. Mama yake alikuwa amezikwa siku tatu nyuma. Tuligombana sebuleni mpaka jua likatoka."

"Sema tuligombania nini," mkunga alisema.

"Miaka tisa nimemgeuza mama yako kitandani. Wewe ulituma blanketi."

"Nilituma na dawa. Blanketi ndilo unalolikumbuka kwa sababu ndilo ulilojifunika."

Watu wawili kwenye foleni waliangalia sakafu. Naibu aligeuza fomu kuelekea kwa mkunga na kushusha sauti.

"Mama, yeye ni ndugu yako, kwa hiyo jibu lako ndilo nitakaloandika. Hata dakika ishirini kwenye kochi ni kulala. Ulilala?"

Mkunga alimtazama wifi yake kupitia kioo.

"Ningelala vipi," mkunga alisema, "na huyu ananihesabia mashuka ya mama yangu, moja baada ya jingine, kama vile nimekuja kuiba?"

Kwenye nafasi ya hadhi ya mwombaji naibu akaandika "mgeni", akatia sahihi na saa: tano na dakika hamsini na tatu. Mkunga alichukua pasipoti yake akatoka kwa mlango wa mbele.

Saa sita kamili mnada ulifungwa.