Mashine Iliyofunikwa Shuka

Mashine zikishazimwa jioni, vumbi la karakana ile lilichelewa kutua. Lilielea kwanza chini ya taa, likazungukazunguka, kisha likaanza kushuka: juu ya msumeno wa meza, juu ya makopo ya gundi, juu ya redio iliyopoteza kitufe cha sauti. Kwenye benchi la kupigia msasa lilishuka kwa mpangilio. Zilianza ndara, yakafuata magoti, tumbo, mabega, na mwisho kichwa chenye penseli sikioni. Huyo alikuwa marehemu, aliyefanya kazi kwenye benchi hilo hadi kifua kilipomshinda.

"Mmeshindaje?" aliuliza.

"Salama," alijibu mkewe, ambaye sasa ndiye aliyepiga msasa mahali pake. "Leo umekuwa mweupe."

"Si mmepasua msonobari?"

"Tumepasua. Jana ulipendeza zaidi."

Jana ilikuwa siku ya mninga. Siku za mninga marehemu alikuja na wekundu wa afya, na fundi wa msumeno, ambaye wote walimwita Pima-Tena kwa kuwa hakuwahi kukata ubao bila kuupima mara ya pili, alimtania kwamba kifo kimemnenepesha. Siku za mbao za kiwandani, zile za unga ulioshikwa kwa gundi, alikuja wa kijivu na mwenye hasira, na hakukaa sana. Kwa kawaida alikaa mpaka mkewe amalize kumweleza habari za nyumbani. Kisha mke alichukua ufagio, akaanzia mbali, mlangoni, akamalizia kwake. "Haya, inua miguu," alimwambia, na marehemu aliinua, kwa mazoea tu.

Siku hizi habari za nyumbani zilikatizwa na kikohozi cha mke. Kilikuwa kikavu, kikianza polepole na kumalizia kwa kumshikisha mtu ukingo wa benchi. Marehemu alikifahamu. Alikuwa amekiacha hapo mwenyewe, pamoja na msasa na koleo.

Mwenye karakana alikuwa kaka yake marehemu, mtu wa mkono wa birika lakini mwepesi wa kulia misibani. Ndugu yake alipokuwa hai alimwomba mara nyingi mashine ya kunyonya vumbi, na mara zote alijibiwa, "Fungua dirisha." Dirisha lilifunguliwa. Baada ya mazishi mwenye karakana aliwaeleza waombolezaji, machozi yakimtoka, kwamba kilichomuua mdogo wake ni upepo wa dirishani.

Mashine ilikuja kutafutwa kwa ajili ya daktari wa meno. Daktari alitaka makabati yafungwe ndani ya kliniki yake, na alisema akiona vumbi hata kwenye kiti kimoja, makabati yatarudi yalikotoka. Mwenye karakana alimwita muuzaji wa vifaa, naye akaja jioni na mashine mbili kwenye gari, zote za magurudumu, zote zikiwa na mpira mrefu kama mkonga.

"Shikamoo, mzee," muuzaji alimwamkia marehemu, aliyekuwa anamalizikia mabegani.

"Marahaba. Endelea, kichwa kinakuja."

Muuzaji alieleza. Hii ya kwanza ina mfuko wa kitambaa, ni nyepesi, na bei yake haina maumivu. Ya pili ina kichujio cha karatasi iliyokunjwakunjwa, na ubavuni ina soketi: ukichomeka msumeno hapo, ukiuwasha tu, nayo inajiwasha. Mwenye karakana aliuliza kuhusu rangi. Pima-Tena aliipima midomo ya mipira yote miwili, akaipima tena, akasema inalingana. Mjane alizitazama mashine zile kama mtu mwenye kiu anavyotazama maji ya wengine.

"Zote zinajisifu," alisema marehemu, akasimama. "Zijaribuni kwangu."

Waliwasha ya kwanza. Aliingiza mkono kwenye mpira, ukaenda hadi kwenye kiwiko. Mfuko ukafura. Maranda yake yalibaki humo, lakini ule unga mwembamba ulipenya kwenye kitambaa, ukaning'inia hewani, ukarudi taratibu na kujenga mkono mwingine, hafifu, usio na kucha. Mjane aliyekuwa amesimama nyuma ya mfuko alishikwa na kikohozi.

"Umeona?" marehemu alimwambia kaka yake. "Hii inaokota maranda, unga inaurudisha. Na maranda hayajawahi kumuua mtu, kaka. Ni huo unga."

Kwa ile ya pili alitoa kidole kidogo tu. Kiliingia. Walizunguka nyuma ya mashine, wakasubiri. Ilitoka hewa safi, vuguvugu kidogo. Kidole hakikurudi.

"Ndiyo hii!" alisema marehemu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefika dukani akakuta alichokitafuta maisha yake yote.

Muuzaji alikiri kwamba hajawahi kupata mteja anayejua hivyo anachotaka. Mwenye karakana alijikuna kidevu kwa muda mrefu, akamkumbuka daktari wa meno, akainunua ya pili. Mjane alipiga makofi. Alifurahi kweli. Kisha akaona pale palipokuwa na kidole, na makofi yakakatika.

Kule kliniki mashine ilifanya kazi bila kulalamika. Walikata, wakatoboa, wakapiga msasa kingo, na daktari akapita nyuma yao na kitambaa cheupe, akifuta hapa na pale asipate kitu. Kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kazi ile, mjane alishinda siku nzima bila kukohoa. Alipofika nyumbani watoto walimuuliza kwa nini amekaa kimya.

Waliporudi karakana, mwenye karakana aliisukuma mashine hadi ofisini kwake, akaifunika kwa shuka la maua na kuifunga kamba kiunoni.

"Isiingie vumbi," alieleza.

Mjane alimfuata hadi mlangoni. "Shemeji, si ingekaa huku kwenye msumeno? Mimi nakohoa."

"Pole, shemeji. Lakini fikiria. Mashine ikishinda inanyonya, jioni kitatua nini? Unataka nimzike ndugu yangu mara mbili?"

Macho yalikuwa tayari yamemlowa. Pima-Tena aliinamisha kichwa. Hata mteja aliyekuja kuulizia kitanda alivua kofia.

"Kaka, mimi nimeshakufa," marehemu alisema jioni ile alipokamilika. "Washa mashine."

"Wewe nyamaza. Hukuwahi kujipenda tangu utotoni."

Mjane aliposhikilia neno lake, shemeji yake alichomoa ufunguo wa ofisi mfukoni na kumwekea kiganjani, kwa upole mkubwa. "Basi chukua. Mimi moyo wangu hauwezi. Mmalize wewe."

Aliondoka mapema siku hiyo, ili asishuhudie.

Mjane aliifungua kamba, akalikunja shuka, akaisukuma mashine hadi kwenye benchi na kuichomeka ukutani. Marehemu alitaka kuondoka nadhifu. Alijipangusa mabega, akaacha haraka, maana mabega yalikuwa yanapungua. Akaweka penseli yake sawa na kujisogeza karibu na mpira.

"Washa, mke wangu."

"Ngoja kwanza nikumalizie habari ya mwanao."

Alimweleza jinsi mtoto wao wa mwisho alivyokataa kunyolewa akajificha kabatini, kabati lile ambalo mlango wake marehemu aliuahidi bawaba mpya. Habari ilikuwa fupi, lakini aliirefusha. Alirudia ilipochekesha. Kidole chake kilikuwa kwenye swichi wakati wote, na nje mwanga ulikuwa unakwisha.

"Kesho," alisema.

"Kwa nini kesho?"

"Kesho tunapasua mninga. Uende umependeza."

Kesho yake walipasua mninga. Marehemu alikuja mwekundu, mwenye mashavu, na mjane alimtazama akasema ingekuwa dhambi. Siku ya mbao za kiwandani alisema hawezi kumtoa mtu akiwa katika hali ile. Mwishowe alimrudishia shemeji yake ufunguo.

"Si nilisema?" mwenye karakana alimwambia Pima-Tena. "Kila mtu ana huruma humu. Mnanisema mimi bure."

Aliifunika mashine mwenyewe. Tangu hapo ilitoka kwa ajili ya nyumba za watu tu, na ikirudi hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Jioni moja mashine zilizimwa, vumbi likaelea, likashuka. Ndara za marehemu zilitokea mahali pake. Kando yake, kwenye benchi hilohilo, zikatokea ndara nyingine, ndogo, ya kushoto ikiwa imeshikizwa kamba yake kwa waya. Yakafuata mashavu ya miguu na pindo la gauni la kazi. Hapo vumbi likaishia.

Mjane alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anapumzika baada ya kukohoa. Aliitazama miguu ile, akaitazama yake, na waya uliokuwa kwenye ndara yake ya kushoto. Pima-Tena alipiga magoti na futi yake, akapima huku, akapima kule, akapima tena.

"Ni yako, dada," alisema.

Marehemu alisogea hadi mwisho wa benchi, akalifanya bega lake dogo, ili mwenzake akimalizika apate nafasi ya kukaa.

Mwenye karakana alipita akielekea ofisini. Alimsalimu ndugu yake, akamsalimu shemeji yake aliyekuwa kwenye kigoda, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akaisalimu na ile miguu. Kisha akapunga mkono mbele ya pua yake.

"Lo, leo vumbi limezidi. Shemeji, fungua dirisha."

Dirisha lilikuwa wazi tangu asubuhi. Mjane aliinuka hata hivyo, akaenda kulisukuma lifunguke zaidi, na kutoka ofisini ikasikika kamba ikikazwa juu ya shuka.