Chupa Iliyosuuzwa Asubuhi

Mtunza maabara wa shule hiyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu: usafi. Chupa ikipita mikononi mwake lazima ing'ae. Wanafunzi walimwita Mzee Kung'ara, naye alijifanya hasikii huku moyoni akifurahi. Miaka thelathini na moja hakuruhusu mtu kukagua kazi yake. Sasa sikia alichojifanyia.

Mwalimu mpya wa fizikia alikuwa mtoto wa dada yake. Nyumbani binti huyo alimwita mjomba. Shuleni walipatana waitane mwalimu na mzee, watu wasije wakasema kabebwa. Alikuwa bado kwenye mwaka wa majaribio, na siku hiyo mkaguzi alikuja kuona somo lake moja tu. Likienda vizuri, anathibitishwa kazini. Likiharibika, anafungasha virago.

Jana yake binti aliikausha chupa ya jaribio kwenye oveni ya maabara, akamwomba mjomba asiiguse kabisa. Mzee akaitikia vizuri. Asubuhi akaona alama ya kidole kwenye kioo, roho ikamuuma. Mkaguzi aone uchafu? Thubutu! Akaisuuza ndani na nje, akaifuta nje ikang'aa, akaiziba kwa kizibo cha mpira na kukifunga kwa waya, tena mara mbili, hewa isivuje.

Somo la vipindi viwili likaanza. Chupa ilizamishwa kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la gesi, na mrija mwembamba ukatoka kwenye kizibo hadi kwenye geji ya kupimia mgandamizo. Mwalimu alieleza kwamba hewa iliyofungiwa ikipata joto husukuma zaidi, kidogo kidogo, na kwamba alama watakazoweka kwenye grafu ubaoni zitalala kwenye mstari ulionyooka. Nyuzi ishirini na saba, geji ilisoma kilopaskali mia na moja. Nyuzi arobaini, mia na tisa. Mwalimu akasita kidogo, maana alitarajia mia na tano. Nyuzi sitini, mia ishirini na nane. Alama ubaoni zikaanza kupinda kwenda juu.

Mzee, aliyesimama mlangoni mwa stoo, aliziona zile alama. Alijua. Maji yaliyobaki ndani yalikuwa yanageuka mvuke, na mvuke ulikuwa unaongeza nguvu yake juu ya ile ya hewa. Kizibo nacho hakingechomoka, kwa sababu mpumbavu mmoja kakifunga waya mara mbili. Kitakachopasuka ni kioo. Na hapo mbele wasichana watatu walikuwa wameinamia kipimajoto, mkaguzi naye kasogeza miwani yake karibu.

Akisema, mpwa wake ataonekana hajui hata kuandaa chombo. Asiposema, Mungu wangu, asiposema! Akajidanganya kwamba labda itatulia. Nyuzi sabini, mia arobaini na mbili.

"Mwalimu, zima jiko," akasema, akisogea mbele. "Watoto warudi nyuma. Ndani mna maji. Niliisuuza mimi."

Jiko likazimwa, viti vikaburuzwa nyuma. Mkaguzi aliuliza ni nani aliyetakiwa kukagua vifaa kabla ya somo. Mzee alifungua mdomo, lakini mwalimu akamtangulia.

"Mimi."

Akageukia ubao. Akasema walichochora ubaoni ni hewa yenye mvuke, na kwamba zimebaki dakika hamsini, zinatosha kupima hewa kavu. Mkaguzi alikuwa ameshafunga faili. Akatazama saa, akatazama ubao, akakaa tena bila kulifungua.

"Mjomba," mwalimu akasema mbele ya darasa zima, "ikaushe. Tunaanza upya."

Minong'ono ikapita nyuma ya darasa. Mkaguzi akafungua faili, akaandika kitu kifupi. Mzee alitamani ardhi ipasuke. Alisubiri chupa ipoe, akafungua waya, akaikausha kwenye oveni, kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuona tone. Akaitazama tena, hakuona, na bado hakujiamini.

"Angalia na wewe, mwanangu," akasema.

Mwalimu akaipokea akaangalia, na mkaguzi akainuka kitini, akaja kuangalia naye.