Hatua ya Sita na ya Saba

Mtaani walimwita Bi Vyeti, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa na shahada ya uhandisi wa maji, daraja la kwanza. Cheti cha mitambo ya pampu. Cheti cha usalama kazini. Na barua ya sifa kutoka kwa mkuu wa chuo ambaye sasa ni marehemu. Vyote vilikaa ndani ya bahasha moja ya kaki iliyolainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Kwa miaka kumi na mmoja bahasha ile ilipanda ngazi za maofisi na kushuka, na kila iliposhuka mtaa mzima ulijua, kwa sababu mama yake alikuwa fundi cherehani, alifanyia kazi barazani, na uso wake haukujua kusema uongo.

"Mwanangu," baba yake mdogo alizoea kumwambia kila alipopita kunywa chai, "kichwa unacho, ila dunia huijui. Mkono mtupu haulambwi. Peleka chochote."

"Nimepeleka daraja la kwanza, baba mdogo."

"Hilo halitafuniki."

Mwaka huu Idara ya Maji ilimwita kwenye usaili kwa mara ya nne. Tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Usaili ulikuwa Jumanne. Jumamosi Bi Vyeti angetimiza thelathini na sita. Hiyo ndiyo ilikuwa karata yake ya mwisho, na nyumba nzima ilijua.

Asubuhi ile mama yake alimpa koti alilolishona upya, bitana na yote.

"Langoni si wanawavua mikoba?"

"Wanaiweka kwenye kasha, mama."

"Basi tia mkono hapo ndani. Umeona mfuko? Daftari lako linaingia lote. Wakikupapasa, cheka kama una mtekenyo."

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, la kurasa mia mbili. Bi Vyeti alikuwa na desturi moja ambayo haikufundishwa chuo chochote. Kila alipotoka kwenye usaili, kabla hajavuka barabara, alikaa kwenye jiwe nje ya lango akaandika swali lililoulizwa na jibu alilotoa, neno kwa neno, lingali moto kichwani. Alikwisha kujifunza kwamba mnyonge asiyeandika hulazimishwa kuamini kumbukumbu za mwenye nguvu, na kumbukumbu za mwenye nguvu zina matundu pale pale anapopataka yeye.

Langoni aliwakuta wenzake, watu wale wale wa miaka yote. Alikuwapo Mwalimu wa Tuisheni, mwenye shahada ya kemia, anayefundisha watoto wa watu sebuleni. Alikuwapo Fundi Simu, mhandisi wa umeme anayebadilisha vioo vya simu kwenye kibanda cha upana wa meza. Kanuni ya Idara ilitaka kila nafasi wasailiwe watu tisa, basi mmoja alikuwa bwana harusi na wanane wa kumsindikiza.

"Bwana harusi wetu leo nani?" Fundi Simu aliuliza.

"Yule wa viatu vya kung'aa," Mwalimu alijibu. "Mpwa wa Mwenyekiti wa kamati. Nilimfundisha hesabu. Yaani, nilikaa naye chumba kimoja huku hesabu zikipita."

Mtihani wa vitendo ulifanyika kwenye nyumba ya pampu, nyuma ya ofisi. Pampu mbili zilikaa juu ya zege lililolowa mafuta. Ya kwanza ilikuwa inapandisha maji mlimani, na mlimani ndiko alikokaa Bi Vyeti na mama yake. Ya pili ilikuwa inakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, kama imemeza kokoto. Bi Vyeti aliinamisha kichwa akaisikiliza, akalitazama bomba lake la kuvutia maji hadi lilipoingia kisimani. Msimamizi wa pampu, mtu mfupi mwenye ovaroli nyeusi aliyeitwa Bwana Grisi, alimwona akisikiliza. Nyusi zake zilipanda.

"Maelekezo yako ukutani," Mwenyekiti alisema. "Hatua tisa. Soma, tekeleza. Hatutaki ubunifu hapa."

Mpwa alianza. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari, akafika hatua ya sita, akazima pampu. Kishindo kikaja. Kilianzia mbali, huko mlimani, kikateremka na bomba kama gogo lililoachiliwa, kikagonga ndani ya nyumba mpaka vumbi la dari likamwagika kwenye mabega ya Mwenyekiti.

"Vizuri sana," Mwenyekiti alisema, akijipangusa. "Alama zote."

"Ndiyo salamu yake ya kila siku," Bwana Grisi alinong'ona. "Miezi kumi na minane sasa, tangu walipobandika hiyo karatasi. Halafu mabomba yakipasuka huko juu, wanasema wananchi wanaiba maji."

Bi Vyeti alijua mabomba yalivyopasuka. Lililopita mbele ya baraza yao lilikuwa limepasuka mara nne, na mama yake, kwa magoti yale, alikuwa akiteremka kilima na ndoo na kukipanda tena. Akasogea ukutani asome.

Hatua ya tatu ilisema: Fungua vali taratibu, kama unamfunua mtoto aliyelala.

Akaisoma tena. Mhandisi gani duniani anaandika hivyo? Mmoja tu, na alikuwa amesimama pale, ndani ya koti la mama yake. Miaka miwili nyuma, kwenye mtihani wa maandishi, waliulizwa waandike hatua tisa za kuwasha na kuzima pampu ya mlimani. Aliandika, na barua ikaja ya kumshukuru na kumtakia heri kwingineko. Kumbe jibu lake lilipata kazi. Lilipigwa chapa, likafunikwa plastiki, likatundikwa ukutani lenyewe, bila mwenyewe.

Tena lilitundikwa na kosa lake. Siku ile msimamizi wa mtihani alikuwa anawapokonya karatasi kabla ya muda, na kwa haraka Bi Vyeti alibadilisha nafasi ya hatua ya sita na ya saba. Alitanguliza kuzima pampu, akafuatisha kufunga vali. Maji yaliyokuwa yanapanda mlimani ukiyakatia nguvu ghafla, na mlango wake, yaani vali, uko wazi, yatarudi kwa hasira. Lazima mlango ufungwe kwanza, polepole, ndipo pampu izimwe. Aliligundua kosa pale pale kwenye jiwe la langoni, akakimbilia dirisha la karani. "Kilichokabidhiwa kimekabidhiwa," karani alisema, akavuta pazia.

"Wewe," Mwenyekiti aliita, "umekuja kusoma au kuabudu?"

Bi Vyeti alishika gurudumu la vali. Hatua ya kwanza mpaka ya tano alifuata ukuta. Kisha akafunga vali, mzunguko kwa mzunguko, bila pupa, na ilipokwisha ndipo akazima pampu. Watu wote walikunja mabega wakingoja kishindo. Hakikuja. Lilisikika tone moja la maji likidondoka sakafuni, na Bwana Grisi akisema, "Lo!"

"Umeruka utaratibu," Mwenyekiti alisema. "Sifuri."

"Utaratibu huu niliuandika mimi, mheshimiwa. Na kosa lililomo ni langu." Alichomoa kalamu nyekundu, akachora mshale juu ya plastiki kutoka sita kwenda saba, na mwingine kutoka saba kwenda sita. "Bwana Grisi, kuanzia leo fuata mishale. Kosa langu nalisahihisha bure."

"Toka nje!"

"Natoka. Mchana kuna mtihani wa maandishi, nitakuwepo. Jina langu liko kwenye orodha yako."

Mapumziko waliyamalizia kwenye kivuli cha ukuta wa stoo, wanane pamoja, maana Mpwa aliitwa ndani kunywa soda. Bi Vyeti alitoa daftari kwenye mfuko wa ndani. Alisoma maswali ya sahili zote tatu zilizopita, moja baada ya jingine.

"Subiri," Mwalimu alisema. "Hilo la kipimo cha dawa ya maji. Mimi nilichora jedwali, nikaweka safu ya siku za mvua. Jedwali hilo liko kwenye mlango wa maabara yao. Nililiona leo nikipita, nikasema moyoni, ama kweli wakubwa hufikiri kama mimi!"

Walicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe.

"Na mita zangu," Fundi Simu alisema taratibu. "Nilieleza namna ya kuzifunga zisisome hewa. Wamezifunga hivyo hivyo mjini kote. Mimi nabadilisha vioo."

"Vyaelea vimeundwa," Bi Vyeti alisema. "Na waundaji ni sisi hapa, tuliokaa chini. Kila mwaka wana tatizo, kila mwaka wanaliita usaili. Wanane wanatoa akili, wa tisa anatoa ukoo."

"Twende kwa wakubwa wa juu?" Mwalimu aliuliza.

"Nilikwenda mwaka juzi. Barua yangu ilirudishwa kwa Mwenyekiti ili aishughulikie. Aliishughulikia."

"Sasa?"

Aliwaambia. Ilikuwa sentensi moja tu. Kila mmoja aliipima na nyumba yake, kodi yake, watoto wake.

"Na wewe je?" Mwalimu aliuliza. "Sisi tuna mwakani. Wewe Jumamosi..."

"Jumamosi yangu naijua. Nimeingoja kwa hofu mwaka mzima kama mtu anayengoja hukumu. Leo nimechoka kuiogopa."

Saa nane waligawiwa karatasi. Swali lilikuwa moja: Pampu namba mbili inakoroma na nguvu yake inashuka kila siku. Eleza chanzo na namna ya kuirekebisha.

Bi Vyeti alilisoma, moyo ukampiga teke. Jibu alikuwa nalo tangu asubuhi. Alilisikia kwa masikio yake, akaliona kwa macho yake. Mistari kumi ingetosha. Na je, kama mwaka huu wangekuwa wakweli? Kama hii mistari kumi ndiyo ingekuwa ufunguo? Kalamu ilitua kwenye karatasi, ikasimama. Akakumbuka jibu lake lililotundikwa bila yeye, na magoti ya mama yake kwenye kilima kile. Akaandika sentensi, akapiga mstari chini yake, akakunja mikono. Nyuma yake alisikia kalamu moja ikiwekwa mezani, ikafuata nyingine, kisha nyingine.

Nusu saa baadaye Mwenyekiti alitoka kwenye chumba cha kusahihishia, karatasi mkononi, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"'Jibu litapatikana siku ya kwanza ya kazi,'" alisoma. Akafunua nyingine. "'Jibu litapatikana siku ya kwanza ya kazi.' Huu ni uhuni! Tisa! Karatasi zote tisa!"

"Nane," Bi Vyeti alisema, naye akishangaa.

"Tisa, nimesema!"

Wote waligeuka wakamtazama Mpwa. Mpwa alitazama viatu vyake vya kung'aa.

"Mjomba," alisema kwa sauti ndogo, "niliona wote wameandika hivyo. Nikajua ndilo jibu."

Fundi Simu alilazimika kushika ukuta. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Wote mmefeli!" Mwenyekiti alifoka.

"Sawa," Bi Vyeti alisema. "Andika kwenye ripoti kwamba wote tumefeli, pamoja na huyo uliyempa alama zote asubuhi. Nafasi itangazwe upya."

"Itatangazwa. Ila wewe umri wako umekwisha, mama. Unasikia? Umekwisha."

"Nasikia. Na ile pampu nayo naisikia. Huijui inaumwa nini, ndiyo maana umetuita."

Alichukua bahasha yake ya kaki, akakaa kwenye jiwe la langoni, akaandika yote. Siku hiyo hakuwa na haraka.

Jumatano maji yalipanda mlimani bila kishindo. Alhamisi vilevile. Mama yake alifungua bomba la barazani, akajaza ndoo bila kushuka hatua moja, akamtazama binti yake.

"Kumbe kazi umeipata?"

"Sijaipata, mama."

"Lakini umeifanya."

"Hiyo nilikuwa nawadai... la, nilikuwa nadaiwa mimi. Ilikuwa kosa langu. Ile pampu ya pili si deni langu."

Ijumaa, saa nne asubuhi, gari la Idara lilisimama mbele ya baraza. Dereva alishuka, akaamkia, akavua kofia. Pampu namba mbili ilikuwa imegoma kabisa tangu alfajiri, na mji wa chini ulikuwa mkavu, nyumba za wakubwa zikiwemo.

"Dada, Mwenyekiti anakusalimu sana. Anaomba lile jibu. Hata kwa kifupi tu, kwenye kikaratasi."

Bi Vyeti alikuwa amemshikia mama yake ncha ya kitambaa kirefu ili akate. Hakukiachia.

"Umekuja na barua ya ajira?"

Dereva alifunua viganja vyake viwili, kuonyesha kwamba havina kitu.

Baba mdogo, kikombe cha chai mdomoni, alianza kukohoa kumwashiria binti yake: kubali, mwanangu, kubali kabla kesho haijafika. Mama akasimamisha mkasi.

"Rudi umsalimu na wewe," Bi Vyeti alisema. "Mwambie mtu wa makamo kwetu hapa hunifundisha methali kila siku, na leo nimeielewa. Mkono mtupu haulambwi. Niko hapa mpaka jioni ya leo. Ijapo barua yenye jina langu na muhuri, nitakwenda na spana zangu. Isipokuja, Jumamosi nitakuwa na miaka thelathini na sita na jibu, na yeye atakuwa na kiti na kiu."

Gari liligeuka kwa shida kwenye njia ile nyembamba. Lilipoanza kushuka kilima, mama alisema, "Vuta hapo, mwanangu, kitambaa kisikunjike," na mkasi ukaendelea kukata.