Ufunguo Mfukoni mwa Kanzu

Boksi la sindano zilizotumika lilikuwa limejaa pomoni tangu Jumatatu, na barua ya kuomba jingine kutoka stoo ilikuwa ya tatu. Daktari Khairiya alipomaliza kumtoa damu Mzee Borafya, muuza kahawa wa mtaa wa Malindi, akaisukuma sindano ndani taratibu. Boksi likaikataa. Sindano ikarudi kinyume, ikapenya glavu na kumchoma kidole.

"Imekuchoma?"

"Imenichoma, mzee."

"Nami miezi sita nimeziacha dawa za ukimwi, ndo kwanza leo nnarudi! Ningejua ningekuja kesho."

Khairiya akacheka. Akanawa kwa sabuni na maji mengi. Dawa za kinga zilikuwamo kabatini, hatua kumi na mbili kutoka pale. Kidonge cha kwanza kilitakiwa mapema. Zikipita siku tatu, hakina kazi tena.

"Ufunguo anao Himid wa stoo," alisema nesi Rahila. "Mpwawe anaoa leo, Mkunazini. Simu hapokei. Rudini Jumatatu, ndo jibu la ofisini."

"Wa akiba je?"

"Amri ni ufunguo mmoja, mtu mmoja, dawa zisiibiwe. Hospitali nyingine wanataka barua ya mkuu, na mkuu yuko semina."

"Mkunazini si mbali," alisema Mzee Borafya, akivaa kofia yake. "Tena nna njaa."

Walipofika harusini sala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha, wanaume wamezunguka masinia ya pilau. Khairiya na koti lake jeupe akabaki mlangoni, maana upande ule si wa wanawake. Mzee akaingia, akatoa salamu, akanawa, akajibana kwenye sinia la Himid.

"Himid, ufunguo wa kabati."

"Mzee wangu, nnakula. Na fomu haijasainiwa."

"Basi na tule." Akatia tonge. "Jamani, mimi nnao ukimwi, na sindano yangu imemchoma daktari yule pale."

Mikono miwili ikarudi nyuma.

"Kwa pilau hauambukizi," alisema mzee. "Lakini msirudi mbio, nyama hizi zanitosha peke yangu."

Sinia zima likaangua kicheko, mikono ikarudi upesi kuokoa nyama.

"Mkono wangu una mafuta," alilalama Himid, "na kanzu mpya."

"Hata wangu. Nikutolee?"

Himid aliruka kama kaungua, akautoa ufunguo mwenyewe.

Saa nane na robo, hospitalini, Khairiya alimeza kidonge cha kwanza kwa sharubati ya ukwaju waliyoibeba kutoka harusini. Mzee akameza chake mbele yake.

"Siku ishirini na nane tunameza pamoja, mwanangu. Wewe ukimaliza, mimi nnaendelea. Usinichoke tu."

Jumatatu Himid alikuta mezani kwake boksi lililojaa, limezibwa mdomo kwa plasta, chini yake barua ya nne.

"Na ufunguo wangu?"

"Uko wodini, kwenye msumari," alisema Khairiya. "Kila zamu inauona."

"Kwa ruhusa ya nani? Nnautaka!"

"Andika barua," alimjibu, akaenda zake kazini.