Saa Nne ya Zdravka

Kipanya cha kompyuta ya Zdravka kilikufa Jumatatu, akiwa katikati ya hati ya shehena ya alizeti iliyokuwa ikienda Vienna. Alikigonga mezani, akakipuliza tumboni, kisha akaenda kuomba kingine. Meneja Bozhilov akamwambia asubiri mwaka mpya. Ilikuwa Oktoba.

"Basi nitatumia kibodi peke yake."

"Tumia hata kijiko, mama, mradi hati zitoke."

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya bandari ya Ruse kando ya mto Danube, na kazi yao ilikuwa kuhamisha majina na anwani kutoka kwenye hati za shehena kwenda kwenye fomu za forodha. Zdravka, mjane aliyekaribia kustaafu, alijifunza njia za mkato moja baada ya nyingine. Kontroli na C, jina limenakiliwa. Alt na Tab, amerukia kwenye fomu. Kontroli na V, jina limekaa mahali pake. Kontroli na S, limehifadhiwa. Haukupita muda, kazi ya kutwa ikawa inamwishia kabla ya chakula cha mchana.

Muda aliouokoa ulianza kujikusanya chini ya meza yake. Mwanzo ulikuwa kiraka cha jua sakafuni, jua la saa nne asubuhi, ilhali nje ilikuwa jioni na ukungu wa Danube umezifunika winchi. Zdravka alivua viatu akaiweka miguu yake humo. Kiraka kikapanda, kikaizunguka meza yote. Ndani yake kahawa haikupoa. Yordanka, wa meza ya jirani, alisogeza humo chungu chake cha maua na kulalamika kwamba mwanga unampiga machoni.

Bozhilov alikuja kuangalia.

"Muda huu umetoka wapi?"

"Nimeuokoa."

"Muda uliookolewa ofisini ni mali ya ofisi."

Akamtuma mlinzi auzoe kwa koleo. Mlinzi alizoa, lakini kila alipofika kwenye korido, koleo lilikuwa limebeba jioni tupu. Akasema mgongo unamuuma, akaenda zake.

Bozhilov akaona njia nyingine. Alimpa Zdravka kazi ya Pencho, aliyekaa karibu na mlango, na alipoona nayo imeisha, akamfukuza Pencho saa sita mchana. Pencho alifungasha kikombe chake na ndala zake za ofisini, akatoka bila kumtazama Zdravka. Afadhali angemtukana, isingemuuma sana hivyo.

"Rudi kwenye kipanya," Yordanka alimnong'oneza. "Nitakuazima changu. Jikokote kama sisi, atakuacha."

"Nijifanye sijui ninachokijua? Kwa ajili ya yule?"

"Haya. Na kesho atanifukuza mimi."

Jioni hiyo Zdravka alikwenda nyumbani kwa Pencho. Alimkuta akimenya pilipili hoho za kuchoma, mikono myekundu mpaka viwikoni.

"Kesho uje kazini."

"Kazi gani, dada? Nimefukuzwa, na wewe ulikuwepo."

"Ulifukuzwa saa sita. Kwangu bado ni saa nne."

Pencho alifikiri, akatikisa kichwa kulia na kushoto, ishara ambayo kwao maana yake ni ndiyo, akafuta mikono.

Kesho yake aliingia na mkate na chupa ya pilipili alizosaga, akakaa juani nyuma ya Zdravka. Bozhilov alifika akihema.

"Huyu si mfanyakazi wetu!"

"Basi mtoe."

Bozhilov alinyanyua mguu kuvuka ukingo wa jua, na mguu ukatua tena kwenye zulia, upande wa jioni. Akajaribu wa pili, ikawa vilevile. Maisha yake yote alikuwa akiandika kwa kidole kimoja, hakuwahi kuokoa hata dakika.

Alimfukuza Yordanka. Yordanka akavua koti na kuburuta kiti chake hadi saa nne. Kisha akawafukuza wengine. Theluji ilipoanguka, Zdravka peke yake ndiye aliyekuwa akilipwa, akifanya kazi ya wote, na nyuma yake chumba kilijaa waliofukuzwa, wakikata banitsa, ile pai ya jibini, wakifuma soksi, wakibishana kuhusu mpira. Mishahara yao haikurudi. Hakuna aliyejidanganya juu ya hilo.

"Mwisho wake nini, dada?" Pencho aliuliza.

"Sijui. Lakini muda huu Bozhilov hataupata."

Karibu na Krismasi Bozhilov alikuja na koti lililolowa, akasimama ukingoni.

"Nifundishe njia moja tu ya mkato."

"Mrudishe Pencho kazini. Na Yordanka. Na hawa wote."

Bozhilov alikung'uta maji kwenye koti lake. "Haiwezekani. Makao makuu wamefurahi mno. Kuanzia sasa hivi, kazi ya tawi la Vidin ni yako pia."

Akageuka kwenda ofisini kwake. Zdravka alinyoosha vidole, akaanza na Vidin. Kabla Bozhilov hajafika mlangoni, Vidin ilikuwa imeisha, na saa nne ilikuwa imepenya chini ya mlango ule na kukijaza chumba chake. Watu walibeba sahani zao wakaenda kukaa kule, kwa kuwa kule kulikuwa na kochi. Yordanka alichukua kiti cha ngozi. Bozhilov akabaki amesimama ukutani kati yao, kwenye giza la jioni yake mwenyewe, akipapasa kutafuta swichi ya taa.

"Sogea kidogo, mwanangu," Yordanka alimwambia. "Unamzibia Pencho jua."